Kabla Hujapigana na Muarmenia

Kambini, Kiongoroni

Mwanangu Shabani,

Sisi huanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali nami. Nimeandika hivyo tangu nikiwa darasa la tatu kule Singida, nilipokuwa nikimwandikia kaka yangu aliyekwenda mashamba ya mkonge. Sikuwa na hofu yoyote. Nilikuwa nawaza shati atakaloniletea. Leo nimefika kwenye neno hilo na mkono umesimama. Basi wacha nianze vingine: mgongo unaniuma, na ninaogopa.

Nilisema nitakuja kukuaga. Tulikwisha kuipakia mashua boriti mpaka juu, halafu maji yakawa mafu. Yanakuja, yanalowesha ubavu wake, yanarudi zake. Mashua iliyojaa haielei mpaka bamvua, yale maji makubwa, na bamvua haliitwi. Nimekwenda kuitazama asubuhi, nimekwenda tena baada ya chai, kama mtu anayemchungulia mgonjwa. Imekaa palepale. Mama Tatu mnunuzi wa kaa ndiye anayetoka leo na kiboti chake cha mashine. Kimejaa matenga, hana nafasi ya mtu, ila karatasi ataibeba. Anasema atalala Kibiti kwa dada yake na atakufikia kabla gari lako halijaondoka. Yuko hapa nyuma yangu anafunga kaa magando.

"Baba Shabani, andika upesi. Kaa hawa hawajui kusoma, hawatakusubiri."

Na Mbonde, unamjua mdomo wake, amepita na shoka begani akauliza, "Unaandika wosia?" Nimemwambia aende zake.

Habari za sweta, pasi ya kusafiria na dawa ya tumbo, mama yako atakuwa amekwisha kuzimaliza zote, na mbili za ziada. Mimi sitazigusa. Nataka kusema juu ya yule Muarmenia.

Siku ile niliporudi nyumbani ulinikalisha kwenye benchi la nje, hata sijanawa miguu, ukaniwekea simu mkononi. Nikakuuliza Armenia ni wapi. Ukasema, "Mbali, baba. Kuna milima na baridi kali." Nikauliza wao wamekujuaje. Ukasema wakala wa Dar amewatumia video zako.

"Mabondia wote wa nchi hii, wakakuona wewe?"

"Sasa baba unataka kusema mimi si kitu?"

Sikutaka kusema hivyo. Nilitaka kusema kitu kingine na sikujua kinasemwaje mbele ya kijana anayecheka meno yote nje.

Ukanionyesha maisha ya mwenzio tangu mwanzo. Kwanza alikuwa mtoto mwembamba, masikio yanachungulia kwenye ile kofia ya kujikinga, fulana nyekundu inampwaya, ukumbi mdogo wenye ukuta uliobanduka rangi. Pambano lile alishindwa. Akalia, na mzee mmoja mwenye sharubu nyeupe akamfuta makamasi kwa taulo. Ukaniambia huyo ndiye baba yake na ndiye kocha wake. Kisha akawa kijana. Akapigana ngumi za ridhaa miaka na miaka, nchi hii na nchi ile, raundi tatu na kofia kichwani, medali shingoni, wimbo wa kwao unapigwa, na yule mzee yuko pembeni kila mara, sharubu zinazidi kuwa nyeupe. Halafu fulana ikavuliwa, kofia ikavuliwa. Akaingia ngumi za kulipwa. Bukta inang'aa, moshi, muziki, glovu zimekuwa nyembamba, raundi zimekuwa nyingi, na waliokuwa wanasimama naye sasa wakawa wanaanguka.

Wewe ulikuwa unatazama miguu yake, unanieleza jinsi utakavyomzunguka. Mimi ni mkata miti, natazama shoka linapotua. Yule kijana anakata mahali pamoja. Chini ya mbavu upande wa kulia, anapiga, anatoka, anangoja, anarudi palepale. Haharakishi. Ndivyo tunavyoukata mkoko mnene wa msinzi. Hupigi kila mahali, unapiga shingo ya shina na unasikiliza.

Ndipo ukafika kwa yule mtu wa rangi yetu. Unamkumbuka? Ulitaka kumpitisha. Alianguka kifudifudi na mguu wake mmoja ukawa unatetemeka peke yake, kama mkia wa mjusi. Picha ikamwacha, ikamfuata Muarmenia aliyeinuliwa mabegani. Haikurudi tena.

Nikakuuliza, "Huyu aliyeanguka anaitwa nani?"

"Sijui, baba."

"Hawakuandika?"

"Waliandika, imepita."

"Rudisha nyuma."

"Baba, tumwangalie Muarmenia basi. Si ndiye nitakayepigana naye?"

Shabani, mimi tangu siku ile namwangalia yule mwingine. Nikiwa ndani ya mikoko, maji yamefika magotini, namwona. Najiuliza ametoka kijiji gani, nani alimfungia mzigo, kama naye baba yake alisema "sawa" kwa sababu hakutaka kumvunja moyo. Hapa kambini tukitaka kuvuka tope tunalaza fito chini, tunazikanyaga, tunapita. Yule kijana anajengewa njia ya kwenda kwenye mkanda wa ubingwa. Naogopa kwamba wamekuona wewe ufito.

Nimeliandika. Nisamehe kwa kuliandika katika siku ambayo baba wengine wanaandika baraka. Lakini nikilibakiza humu kifuani litaniua kabla hujafika huko.

Sikukatazi kwenda. Nilijaribu kichwani mara nyingi kukukataza na kila mara ulinijibu vizuri. Ulishamjibu mama yako, naye akanisimulia: "Nikibaki hapa nitapigana na walewale wa Ikwiriri na Mkuranga mpaka wajukuu zao wanipige." Alicheka aliponisimulia, halafu akaenda jikoni akakaa sana. Na mimi siwezi kumkataza mtu kwenda mbali. Nilitoka kwetu Singida, penye mawe na vumbi, nikaja kufanya kazi baharini bila kujua kwamba maji huondoka na kurudi. Kwa hiyo nenda. Ninalokuomba ni dogo kuliko kukataa safari, na kwako litakuwa gumu zaidi.

Niliwahi kukusimulia siku nilipozama topeni. Ulikuwa mdogo, ulipenda hadithi ile, uliniambia niirudie. Nilikuwa nakusimulia vibaya. Nilikuwa nasema nilizama, nikapambana, nikatoka. Sasa isikie ilivyokuwa.

Nilikuwa mgeni. Nilibeba boriti begani, nikakatiza mahali wenyeji hawakatizi, nikazama mpaka mapajani. Nikauvuta mguu wa kulia, wa kushoto ukazidi kwenda. Nikauvuta wa kushoto, wa kulia ukazama. Na maji yalikuwa yameshageuka, yanajaa. Wenzangu wakaanza kupiga kelele, "Lala! Lala, mbara, lala!" Mimi nikadhani wananidhihaki. Mbonde alikuwa na tabia ya kuniita mbara tangu nifike, alikuwa anawauliza watu kama kwetu tunaoga kwa mchanga. Nikajisemea, wanataka nilale chini kama mbuzi wapate cha kusimulia. Kwetu nililelewa kwamba mwanaume hulala kwa mambo mawili, usingizi na mauti. Nikasimama wima. Nikasimama vizuri kabisa, kifua mbele, na nikaendelea kuzama.

Hii ni desturi yao hapa, wala si matusi. Mtu akikamatwa na tope, anaambiwa lala. Anajinyoosha, anatandaza mikono, tope linashindwa kumshika, wenzake wanamlazia fito anatambaa. Yeyote akikuita lala, hata kama ni mtoto, hata kama ni mtu mliyegombana naye jana, unalala kwanza, mengine baadaye. Na aliyelala topeni hachekwi. Hapa watu wanacheka misiba, lakini hilo hawalicheki.

Tope lilinifika kiunoni, na maji yakaanza kunigusa. Ndipo Mbonde akajitupa chini kwa tumbo, mzima mzima, na shati lake jeupe la kwendea Ijumaa, akaja anatambaa mpaka usoni pangu. Tope limemjaa mdomoni. Akatema, akaniambia:

"Niangalie. Mimi nimelala. Nimepungua nini?"

Nikalala, mwanangu. Mguu ukatoka kwa sauti kama ng'ombe anapong'oa kwato kwenye lambo. Nililia. Hilo nalo sikuwahi kukusimulia.

Nilipaswa kulileta nyumbani lile jambo kama lilivyo. Badala yake nilikuletea hadithi ya mtu aliyepambana akatoka, na ulipoanza kwenda kwenye lile ghala la zamani la korosho, kupiga gunia la mchanga na pumba kwa Kocha Mapande, nikakupa jina. Kisiki. Kisiki cha mkandaa, mkoko mgumu, ambacho shoka likikipiga linarudi. Nililitunga mimi, na nililipenda kuliko jina nililokupa ulipozaliwa. Watu wa Kibiti wakalichukua. Nilikuwa nikipita sokoni wananiita Baba Kisiki, nami naitika kabla hawajamaliza.

Halafu Ikwiriri. Yule mrefu wa Chumbi, pambano lako la mwisho la ridhaa. Raundi ya tatu alikupata sikioni. Nilikuwa karibu, nililiona goti lako likishuka. Lilikuwa linashuka taratibu, lenyewe, mwili ulikuwa unajua unachotaka. Nami nikapanda juu ya kiti nikapiga kelele, "Simama, Kisiki! Kisiki hakilali!" Ukumbi mzima ukadakia. Kisiki hakilali, Kisiki hakilali, mpaka wanawake waliokuwa wanauza maandazi mlangoni. Ukanisikia. Goti likarudi juu. Ukasimama ukapigwa pale uliposimama, na kengele ikakuokoa, na mkono wako ukainuliwa kwa pointi za raundi mbili za kwanza.

Kwenye gari tukirudi uliniuliza, "Baba, pambano bado?"

Nikacheka. Nikakwambia umechoka. Tulipokaribia Kibiti ukaniuliza tena. Nyumbani dada yako akakuletea maji, ukamwangalia, ukapokea kikombe, nikaona unalitafuta jina lake. Umekua naye chumba kimoja, na ulikuwa unalitafuta. Mama yako aliona. Akasema, "Baba Shabani, huyu mtoto amepungua." Nikamwambia hajui ngumi. Asubuhi uliamka mzima, unacheka, unaita kila mtu kwa jina lake, nami nikatoka kwenda sokoni kuitwa Baba Kisiki.

Siandiki haya ili unihurumie. Nayaandika kwa sababu najua utakachokisikia kichwani siku goti lako litakaposhuka tena. Utaisikia sauti yangu. Ninaogopa ngumi za Muarmenia, lakini sauti ile naiogopa zaidi, kwa kuwa Muarmenia atachoka raundi ikiisha, na ile sauti niliitia ndani yako mwenyewe wala sijui inatolewaje.

Sasa rudi kwenye simu. Ile video ya mwisho uliyonionyesha, ambapo yeye ndiye aliyeangushwa. Alipigwa na yule mnene mwenye michoro mikononi. Ulirukaruka benchini ukaniambia, "Umeona, baba? Kumbe naye anaangushika!" Ukaifunga kwa furaha. Nilikuomba uifungue tena, ukadhani nafurahia. Nilikuwa namtazama mzee wa sharubu. Mtoto wake yuko chini, goti moja, ukumbi wote unapiga mayowe, mwamuzi anahesabu. Mzee hajasimama. Hajapiga kelele. Amenyoosha kiganja, anakibonyeza chini hewani, taratibu, hivi, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Na mwanawe, mwenye medali zile zote, aliyepigana tangu fulana inampwaya, hatazami mwamuzi wala yule mnene. Anatazama kiganja cha baba yake. Moja, mbili, tatu, amekaa tu. Mwamuzi alipofika nane mzee akageuza kiganja juu. Kijana akainuka, amepumua, akashinda raundi mbili baadaye.

Wewe uliona kwamba anaangushika. Mimi niliona kwamba amefundishwa kulala. Yule mzee hana mikoko huko kwao kwenye milima, lakini tope analijua. Miaka yote ile ya ridhaa, zile nchi na zile medali, nadhani hilo ndilo alilokuwa anamfundisha. Na mimi nilikuwa nakufundisha kisiki.

Basi ombi langu ni hili. Goti likitaka kushuka, liache lishuke. Sheria inaruhusu, Kocha ameniambia. Kaa chini, pumua, hesabu pamoja na mwamuzi, ukisikia nane ndipo uamke. Na kama hata nane haikutoshi, usiamke.

Nimezungumza na Kocha Mapande. Nilikwenda hadi mdomo wa mto, pale juu ya mtumbwi uliopinduliwa ambako mtandao unashika ukisimama kwa ncha za vidole. Nikamwambia, mtoto wangu akizidiwa umwite lala. Akacheka.

"Mzee, mimi nimpigie kelele bondia wangu alale? Watanifungia."

"Huko nani anajua Kiswahili?"

"Wewe ndiwe uliyemwita Kisiki, mzee. Leo umekuwaje?"

Nikamwambia asiponiahidi nitatoka Kiongoroni kwa miguu, nipite topeni, nije nikae mlangoni kwake mpaka ndege iwaache wote wawili. Kisha akasema, "Haya, mzee. Nimekusikia. Mimi pia nilikuwa Ikwiriri."

Kwa hiyo ukiwa pale, kati ya kelele za lugha usiyoijua, ukisikia mtu anaita lala, usidhani Kocha amekata tamaa. Ni mimi nimejitupa kwa tumbo nakuja. Mimi nililala mbele ya wanaume wote wa kambi hii, Shabani. Niangalie. Nimepungua nini?

Mbonde amerudi. Nimemsomea kipande kile kinachomhusu. Ameguna, akasema nikuandikie kwamba lile shati lake halijatakata mpaka leo na kwamba ukirudi umletee jingine la Kiarmenia. Kisha akasema, "Mwambie alale." Hakucheka.

Mama Tatu amewasha mashine. Anasema maji yakipungua zaidi kiboti chake kitakaa topeni kama mashua yetu, na kaa wakifa nitawala mimi wote.

Jambo la mwisho. Pambano likiisha, nipigie. Nitakuwa juu ya ule mtumbwi tangu jioni, kwa ncha za vidole. Usianze kwa kuniambia umeshinda, wala usianze kwa kuniambia umeshindwa, sitaki kujua hilo kwanza. Anza kwa kuniambia dada yako anaitwa nani. Sema jina lake taratibu nilisikie mpaka mwisho. Ukilisema, mimi nitashuka kwenye mtumbwi nikalale, na hayo mengine utamsimulia mama yako.

Baba yako